Antena Ndani ya Redio ya Baba

Kinyinya, Kigali
3 Februari 2025

Conrad,

Habari za siku nyingi. Najua barua hii itakushangaza. Nimeiandika na kuifuta zaidi ya mara moja, na kama unaisoma basi leo nimejikaza.

Sitazunguka. Nahitaji msaada wa antena, na katika wote niliosoma nao Dar sijui mtu anayezielewa kukushinda. Sisi tulikuwa tunakwenda kula, wewe unabaki maabara.

Baba anaumwa. Si ugonjwa wa kulala kitandani, anasahau. Ulianza na mambo madogo, miwani, majina ya majirani. Sasa anasahau njia ya kurudi nyumbani. Na Kinyinya uliyoiona ulipokuja na baba yako mdogo siyo hii ya leo. Wanajenga kila kona. Barabara yetu ya vumbi imetandikwa mawe, duka la pembeni limegeuka ghorofa, na alama zote alizozitegemea zimebomolewa. Mtu mzima mwenye akili zake anapotea, sembuse yeye. Anatoka kununua betri, tunamkuta mtaa wa pili, Kagugu, amesimama mbele ya geti la watu, anamsubiri Mama amfungulie. Na Mama tulimzika mwaka ule tuliomaliza chuo, unakumbuka.

Nilimnunulia saa ya kuonyesha mahali alipo. Aliivua akaitumbukiza kwenye pipa la maji. Nikamshonea kifaa ndani ya koti, akalikataa koti. Kitu kimoja tu hakimtoki mkononi: redio yake ndogo aliyotoka nayo ukimbizini Karagwe. Anakula nayo, anakwenda nayo misani. Vestine, mama wa Kirundi anayenisaidia kumtunza, anasema hata akimwogesha lazima aione pale kwenye kiti.

Basi nimeamua kifaa kikae ndani ya redio. Hakuna bodi ya saketi ya dukani inayoingia humo, kwa hiyo nimechora yangu. Umbo lake ni la ajabu, maana lazima izunguke spika na kupita kando ya betri. Inajua mahali alipo kwa satelaiti, halafu inanitumia kwenye simu. Ikiwa wazi mezani inatuma vizuri. Nikiifunga ndani ya redio, kimya. Nimebadilisha moduli ya mawasiliano, nimebadilisha laini ya simu, kimya vilevile. Nimekuambatanishia mchoro.

Najua namna mlivyoachana na Baba. Ukiona moyo wako hauwezi, nitaelewa, wala sitakuuliza tena.

Kellen


Mwanza
5 Februari 2025

Kellen,

Pole sana. Barua yako niliisoma kazini. Nikatoka nje kidogo, nikarudi, nikaisoma tena.

Tuanze na kazi. Mchoro wako ni safi, ila antena umeiua mwenyewe. Moduli umeiweka katikati ya bodi, na chini ya antena yake umetandaza shaba pande zote mbili. Antena ikilaliwa na shaba ni sawa na mtu anayeita huku amezibwa mdomo. Pale mezani ilikuwa inajikongoja tu, na wewe ukadhani ni nzima. Ulipoiongezea spika yenye sumaku na betri ubavuni, ikakata roho.

Fanya hivi. Sogeza moduli hadi ukingoni, ncha ya antena itazame nje, upande ule ambao redio haina betri. Futa shaba yote iliyo chini yake. Halafu usiishie kwenye shaba: kata bodi yenyewe, pawe na uwazi mtupu pale antena inapokaa, kwa sababu hata ile fiberglasi ya bodi inaivuta kutoka kwenye masafa yake. Upana wa kidole kila upande pasiwe na skrubu wala waya. Na pembe za huo mkato zizungushe; ukizichonga kali, siku redio ikianguka bodi itapasukia hapohapo. Na kwa mzee wa namna hiyo, redio itaanguka.

Itabidi uagize upya kiwandani, na najua kusubiri kunavyouma. Njia ya mkato haipo. Mimi niliijaribu kwenye vituo vya kupima mvua tunavyofunga huku, nikajuta.

Kuhusu Mzee. Siku ile nilimkasirikia, sikatai. Lakini hakututumia mtu. Alitwambia mwenyewe, ana kwa ana. Alisema ameishi miaka thelathini katika nchi ya watu, hakurudi kwao ili amtoe binti yake kumrudisha kulekule. Baba mdogo alipofika nyumbani Karagwe alisema, "Amenikatalia, lakini kanipa heshima yangu." Mimi nilibaki na langu. Chuki, hapana, sikuwahi kuwa nayo.

Tumehamia Nyegezi siku hizi na mtandao ni wa kusuasua. Nikichelewa kujibu usidhani vingine.

Conrad


Kinyinya
9 Machi 2025

Conrad,

Nilifuata yote uliyosema. Nimesogeza moduli, nimekata, nimezungusha pembe. Nilipoutazama mchoro mpya niliona aibu kidogo, maana bodi sasa inaonekana kama jino lililomeguka kipande, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Oda iko njiani kutoka China.

Wakati nikiisubiri, Baba alipotea kweli.

Vestine alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Aliporudi mbele alikuta geti liko wazi. Tulidhani ni kama siku zote, yuko barabara ya juu. Hakuwepo. Tuliuliza kwa mafundi wa ujenzi, kanisani, kituo cha afya. Mkuu wa umudugudu, yaani mtaa wetu, alitoa watu, tukagawana vichochoro. Mvua ikaanza. Ile mvua, Conrad, sitaki kuieleza. Kulipokucha nilikuwa kituo cha polisi, natoa maelezo ya shati alilovaa, nikagundua sikumbuki ni shati gani. Mimi ndiye niliyelifunga vifungo.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa motari, wa hizi pikipiki za abiria. Alikuwa ameona namba yangu niliyoibandika nyuma ya redio.

"Mama, muzee yako iko hapa Nyabugogo," akasema. "Anataka bisi ya Karagwe. Sisi tunamwambia bisi inaishia Rusumo mpakani, anakatala. Iko analia."

Nilimkuta chini kule kwenye stendi, mtaa wa Muhima uko juu yake, amekaa kwenye ukingo wa duka, kiatu kimoja hana. Wauzaji walikuwa wamemfunika kwa kitenge. Jinsi alivyotembea kutoka Kinyinya hadi pale hakuna anayejua. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nawafuata wale watu."

"Watu gani?"

"Wale wa Karagwe waliokuja getini kwa ajili yako. Nimewaacha wameondoka. Kellen, yule kijana ana macho ya unyenyekevu. Nimefanya jambo baya."

Daktari alikwisha kuniambia nisiyashike sana maneno yake, kwamba ni kama karatasi zilizopeperuka, yeyote anaweza kuokota yoyote. Siku mbili nilijizuia nisikuandikie haya. Nimeshindwa. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akikutaja.

Amelazwa kwa ajili ya kifua, na miguu ina vidonda. Redio iko kitandani kwake, chini ya mto wa kichwani.

Kuna jambo nilitaka kukuuliza, halihusu antena. Nitauliza siku nyingine.

Kellen


Mwanza
11 Machi 2025

Kellen,

Ungenipigia simu. Hata usiku ungenipigia.

Bodi zikifika usizifunge mwenyewe ukadhani tumemaliza. Antena ikikaa karibu na spika na betri lazima irekebishwe palepale ndani ya kasha lake, kwa kipimo, na kipimo kiko ofisini kwangu. Nitakuja nacho. Mwezi wa nne siwezi, tuna ubatizo katika familia. Katikati ya Mei nitapanda basi. Usinikatalie, si kwa ajili yako tu, ni kwa ajili yake pia.

Umesema una jambo la kuniuliza. Na mimi nina jambo la kukuambia. Si la kuandika. Nikifika tutakaa tuzungumze.

Mwambie Mzee wale watu wa Karagwe hawakukasirika.

Conrad


Kinyinya
21 Mei 2025

Conrad wangu,

Nimeandika "wangu" na nimeiacha. Vestine ananichungulia toka jikoni anacheka, anasema uso wangu umekuwa wa msichana.

Kwanza ripoti, usije ukasema nimekuwa mvivu. Redio inatuma. Jumapili Vestine alimpeleka Baba kwa ndugu zake kule Kagarama, mimi nikabaki nyumbani makusudi na simu mkononi. Nukta ilishuka bonde, ikapanda upande wa pili, ikafika Kagarama bila kukatika hata mara moja. Jioni nililala bila kufunga geti kwa kufuli. Sikumbuki mara ya mwisho nililala vile.

Sasa hayo mengine. Ulikuwepo, lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sinia la chai, naomba nikuambie nilichokiona.

Nilisikia unagonga. Kabla sijafika, Baba alikuwa amekwisha kufungua. Mtu ambaye asubuhi ile alikuwa ameniita kwa jina la dada yake. Alikutazama, akasema, "Mmechelewa. Baba yako mdogo yuko wapi?" Ukasema amebaki Karagwe, magoti yanamsumbua. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua magoti. Kisha akakuwekea mkono kichwani, na wewe, mrefu kama ulivyo, ukainama.

"Nimekubali," akasema. "Nilikubali siku nyingi, ninyi ndio hamkurudi. Mchukue. Ila msikae mbali mno."

Na wewe ukamwambia, "Asante, Baba."

Hukusema Mzee. Ulisema Baba. Chai ilimwagika kwenye sinia, uliona? Nilirudi jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Siku zile mbili ulizokaa, kila nilipokutazama umeinamia ile bodi na chuma cha kulehemu mkononi, nilingoja useme lile jambo ulilosema si la kuandika. Mara mbili ulifungua kinywa, ukauliza koleo liko wapi. Pale stendi ulinishika mkono hadi basi likapiga honi. Nilikasirika kidogo nikirudi. Halafu nikajiambia: wewe mjinga, unasubiri aseme nini? Limekwisha kusemwa, na aliyelisema ndiye aliyelizuia.

Lile swali langu nililolificha ndilo hili: je, ulingoja kama ulivyosema utangoja, siku ile Baba alipokataa? Sasa sihitaji kuuliza.

Najua maradhi yake. Najua kesho anaweza kusahau kwamba alikubali. Lakini kusema amesema, mbele ya Vestine na mbele ya geti lililo wazi. Nitalichukua hilo kama mtu anavyochukua maji, bila kuuliza yametoka mto gani.

Kile kikapu cha agaseke nilichokupa mpelekee mama yako mkononi. Mwambie nimekisuka mwenyewe kile kifuniko, ndiyo maana kimepinda.

Wako,
Kellen


Nyegezi, Mwanza
1 Juni 2025

Dada Kellen,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hatujawahi kuonana, lakini naona kama nakufahamu, kwa jinsi Conrad alivyonisimulia. Mimi ni Adventina, mke wake. Anwani yako ya barua pepe nimeiomba kwa mwenzake wa ofisini, nilitaka nikushukuru mwenyewe, siyo salamu za kupitishwa.

Dada, kikapu ulichonitumia ni kizuri mno. Nimekiweka sebuleni na kila mgeni anakiuliza. Mwanetu Alinda, yule tuliyembatiza mwezi wa nne, ameanza kutambaa na safari yake ya kwanza kila asubuhi ni kwenda kwenye kikapu hicho. Kifuniko chake kina mpindo kidogo, na yeye hapo ndipo anaposhika.

Pole sana kwa hali ya Mzee. Bibi yangu aliyenilea Bukoba aliondoka na ugonjwa huohuo, kwa hiyo najua unachobeba. Mtu anakuwepo na hayupo. Tangu Conrad arudi hali chakula vizuri. Nikimuuliza anasema ni Mzee. Ana moyo mwepesi kwa wazee, baba yake alifariki yeye akiwa mdogo.

Aliniambia jinsi Mzee alivyomdhania mkwe na kumwekea mkono. Kwanza nilicheka, nisamehe, halafu nikalia. Nilimwambia, "Umefanya vizuri kuitikia, mgonjwa habishiwi." Nashukuru Mungu kwamba na wewe ulielewa ukamwacha mzee na furaha yake. Wengine wangesimama pale kumsahihisha.

Nimekuandalia kahawa ya kwetu, nitaituma kwa mtu anayekuja Kigali. Tunamwombea Mzee kila jioni. Ukihitaji mtu wa kuongea naye, niandikie bila wasiwasi.

Ni mimi,
Adventina, Mama Alinda


Kinyinya
2 Juni 2025

Conrad,

Mkeo ameniandikia. Ni mtu mwema. Hajui kwamba sikujua, na mimi sitamwambia.

Nijibu jambo moja. Baba alipokuwekea mkono kichwani ukasema "Asante, Baba", ulikuwa unamjibu mgonjwa?

Kellen


Mwanza
6 Juni 2025

Kellen,

Hapana. Sikuwa namjibu mgonjwa. Ningeweza kukuandikia ndiyo, na ingetusaidia sote, lakini nimekudanganya vya kutosha kwa kunyamaza.

Jambo nililosema nitakuambia nikifika lilikuwa hilo: kwamba nimeoa, kwamba nina mtoto. Njia nzima toka Mwanza nilipanga maneno. Nilisema nitaanza nalo, kabla sijakaa, kabla sijanywa maji yenu. Nikagonga geti, na aliyefungua hakuwa wewe.

Kellen, mimi nilingoja. Nilikuandikia Krismasi ile ya kwanza, na ya pili. Hukujibu. Sikulaumu, ulikuwa unamtii mzazi wako, na mimi pia nina mzazi. Baada ya hapo nilikutana na Adventina. Nampenda. Sitasema vingine ili kukupoza, maana itakuwa kumdhulumu yeye na kukudharau wewe. Lakini pale getini mkono ule ulipotua kichwani, nilikuwa kijana yuleyule wa siku ile, na nimepewa. Kwa muda mfupi ule sikuwa na mke wala mtoto. Nikasema asante. Nilikuwa nashukuru kweli.

Baada ya hapo nilishindwa kufungua kinywa. Nilikuona umerudi jikoni. Nilijua hukuwa unatafuta sukari.

Kikapu nilikileta nyumbani nikiwa na nia ya kukipeleka Karagwe. Adventina alikikuta kwenye begi akafurahi, akauliza, "Ni changu?" Nikasema ndiyo. Sasa umejua mimi ni mtu wa namna gani.

Nitawaambia ofisini wakutumie kipimo, uweze kurekebisha mwenyewe kama bodi itasumbua. Hutanihitaji mimi.

Nisamehe, au usinisamehe. Vyovyote utakavyoamua utakuwa na haki.

Conrad


Kinyinya
14 Septemba 2025

Conrad,

Nilikuwa nimeapa sitakuandikia tena. Ila kuna kazi yako moja ambayo si haki usijue ilivyotumika.

Mwezi uliopita Baba alitoka. Safari hii hakwenda Nyabugogo, aliingia porini kule wanakochimba misingi ya nyumba mpya, nyuma ya kilima, akateleza ndani ya shimo la msingi. Hakuna mtu angemwona, ilikuwa Jumapili na mafundi hawapo. Nilifungua simu nikaiona nukta imetulia mahali pamoja, haiendi. Tulimfikia jua bado kali. Alikuwa na mkwaruzo tu begani. Redio ilikuwa imepasuka kasha, inaongea yenyewe taarifa ya habari. Bodi haikuvunjika. Daktari alisema angebaki pale hadi kesho yake tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Basi, hayo ni yako. Asante.

Adventina nilimjibu. Kahawa yake ilifika na tumeinywa. Nilimwambia kikapu ni chake, na ni chake kweli, mimi nimekitoa moyoni. Usimwambie lolote zaidi. Najua ilikuwa rahisi kwako kumpenda. Barua moja tu imetosha kunifanya mimi nimpende.

Zile barua zako za Krismasi nilizipata. Nilizisoma zote mbili. Sikujibu kwa sababu nilidhani kungoja ni kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya kimya kimya kwa niaba ya wawili. Wewe ulingoja ukachoka, ni haki yako. Mimi nilikuwa bado nangoja, na sikumwambia mtu.

Sasa nikueleze la Baba, halafu niache.

Wewe hajakusahau. Amesahau jina la Mama, amesahau kwamba alikuwa mwalimu, na asubuhi nyingine ananiuliza mimi ni mke wa nani. Lakini ikifika jioni anakaa kwenye kiti chake, anatazama geti, anasema, "Conrad hajarudi?" Nilikuwa namjibu, "Yuko kazini, Baba." Vestine naye akijibu vivyo hivyo. Anatulia, anakula.

Mwezi wa saba kuna siku nilichoka. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inaniuma, sijala. Akauliza. Nikamwambia, "Hatarudi, Baba. Ameoa kwingine. Ana mtoto."

Sikujua mtu anaweza kulia vile kwa ajili yangu. Alilia kama siku ile tulipomzika Mama, mikono kichwani. Vestine akaja mbio akidhani ameanguka. Nilimshika, nikambembeleza, akatulia. Nikadhani angalau limekwisha, angalau sasa tuko wawili tunaojua.

Chakula kilipofika mezani akaniuliza, "Conrad hajarudi?"

Nikamwambia tena. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwona mtu akilia, mimi mwenyewe nilikuwa sijalia. Akalia upya, sawasawa na mara ya kwanza, hakupunguza hata chozi. Nikaelewa kwamba nikiendelea kumwambia ukweli nitamfanya afiwe kila siku hadi afe. Nimeacha. Uko kazini, Conrad. Kwetu sisi utakuwa kazini siku zote.

Ila jana alifanya jambo jipya. Hakuuliza uko wapi. Tulikuwa uani, nampaka mafuta kwenye vile vidonda vya miguu ambavyo havijapona vizuri. Alinitazama kwa muda, macho yake ya zamani kabisa, yale ya mwalimu, akasema:

"Mama, wewe mbona huna mume?"

Nikasema, "Alikuwepo mmoja, muzee. Hatukuoana."

"Alikukataa?"

"Hapana. Alinitaka."

"Na wewe?"

"Nilimtaka sana."

Akakunja uso. Alikuwa amekasirika kwa ajili yangu, Conrad, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua anayempaka mafuta. Akagonga mkono wa kiti. "Nani basi aliwazuia? Niambie jina lake. Nitakwenda mimi mwenyewe kuongea naye."

Nilikuwa nimeshika mguu wake. Miaka yote nilikuwa nalo jibu la swali hilo, nimelitunza, nikijua siku moja nitamtupia usoni. Siku yenyewe ikafika, akaniuliza kwa kinywa chake.

"Hakuna mtu, Baba," nikamwambia. "Ilikuwa mbali tu."

Akanipapasa kichwani, taratibu, kama mtu anavyomliwaza mtoto wa jirani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ningekuwepo, ningewakubalia."

Kellen